Mtoto yuko darasa la tano, hasomi hata sentensi: kosa linafanyika wapi hasa?

#1 Daftari Kubwa
Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo moja bila kukimbilia siasa.

Shule zetu za msingi za serikali. Mtoto yuko darasa la tano, ukimpa kitabu cha darasa la pili anaangalia picha halafu anakutungia hadithi. Hasomi. Wimbo wa irabu anaujua, jina lake anaandika, ubaoni ananakili kwa mwandiko mzuri kabisa, lakini sentensi ambayo hajawahi kuiona inamshinda.

Kila mtu ana wa kumtupia mpira. Mzazi anamtaja mwalimu, mwalimu anamtaja mzazi, mwalimu mkuu anataja ruzuku, halmashauri inataja utoro. Mimi nadai hivi: kosa linafanyika miezi sita ya kwanza ya darasa la kwanza, na miaka inayofuata ni ya kulificha. Nipingeni, ila mje na hesabu.

#2 Kengele ya Pili
Kosa ni elimu bila malipo ya 2016. Watoto wamejaa kama dagaa. Uzi ufungwe.

#3 Kipimajoto
Usifunge bado, Kengele. Ada ya shule ya msingi haikufutwa 2016, ilifutwa zamani ulipoanza MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne pamoja na ile michango ya lazima ya ngazi zote mbili: mlinzi, mitihani, madawati, maji. Kwa shule ya msingi kilichoondoka ni michango, na michango ndiyo iliyokuwa inaendesha shule. Uandikishaji ulipanda sana, hilo kweli.

Sasa tazama kilichowekwa mahali pake. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Sh 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, Sh 6,000 inashuka shuleni. Yaani Sh 500 kwa mwezi. Igawe kwa siku 194 za masomo, unapata kama Sh 31 kwa siku kwa mtoto. Shule ya watoto 800 inapokea Sh 400,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, stahili za ofisi, umeme. Bado bawaba ya mlango wa choo.

#4 ChakiMbili
Namuunga mkono mleta mada, na hesabu aliyoitaka hii hapa.

Chukua darasa la kwanza lenye watoto 120, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Kipindi ni dakika 30. Toa tano za kuwatuliza, kuchonga penseli na kumtoa aliyejikojolea. Zinabaki 25. Ukitaka kila mtoto asome silabi nne peke yake, nusu dakika kila mmoja, unahitaji dakika 60. Maana yake unamaliza vipindi viwili na zaidi kwa kusikiliza tu, bila kufundisha herufi mpya. Madaftari 120, ukisahihisha moja kwa sekunde 40, ni dakika 80.

Ndipo mwalimu anapokimbilia kwaya. Anashika fimbo ya kuonyeshea: ba! be! bi! bo! bu! Darasa linatikisika, mgeni akipita nje anasema hapa kuna kazi. Ndani ya kelele ile wapo 40 wanaofungua mdomo nusu sekunde baada ya wenzao. Hawajulikani, kwa sababu kwaya haina sauti ya mtu mmoja.

Na wanaokaa sakafuni wanaandikia magotini. Anayekaa pembeni kabisa anauona ubao uking'aa kwa mwanga wa dirisha, haoni maandishi. Huyo ananakili daftari la jirani, na jirani naye anaweza kuwa amekosea.

#5 Kengele ya Pili
Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Wamejaa.

#6 Mzee wa Ikama
Umepatia nusu. Idadi ni kitu kimoja, mgawanyo ni kitu kingine.

Ikama, yaani hesabu ya walimu wanaotakiwa, inapigwa kwa shule nzima: mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Shule ya wanafunzi 900 inatakiwa kuwa na walimu 20. Tuseme wapo 11. Kwenye karatasi ni 1 kwa 82, unasema ni mbaya lakini si ajabu. Ingia sasa ndani ya ratiba. Darasa la saba lina masomo sita ya mtihani wa taifa. La nne lina upimaji wa taifa. Mwalimu mkuu anapimwa kwa matokeo ya hayo mawili, akifanya vibaya anaitwa wilayani. Kwa hiyo wenye uwezo anawapeleka huko. Darasa la kwanza, ambalo ndilo lenye watoto wengi kuliko yote, linapewa mwalimu mmoja: aliyetoka likizo ya uzazi, aliyebakiza mwaka astaafu, au ajira mpya asiyejua kukataa.

Ule wastani wa 82 haupo darasani kokote. La saba wako 60, la kwanza wako 150.

Halafu jambo linaloniudhi zaidi. Serikali ilitumia fedha nyingi kufundisha walimu wa darasa la kwanza na la pili mbinu za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mpango wa LANES ulianza 2014. Mwalimu akirudi na cheti na mbinu mpya, mwalimu mkuu anaona "huyu sasa ameiva", anampandisha la sita. Mafunzo yamekwenda na mtu, darasa limebaki.

#7 Ng'wana Ziwa
Mabwana, mnazungumza kana kwamba watoto wote wanaingia shule wakijua Kiswahili. Nendeni vijiji vya ndani Simiyu, Ngorongoro, Hanang'. Mtoto wa miaka sita anaelewa Kisukuma, Kimaasai au Kibarbaig tu. Mwalimu ameajiriwa kutoka mkoa mwingine, hajui hata salamu ya pale. Ubaoni kuna picha ya kikombe, chini imeandikwa "kikombe". Mtoto anaona kile chombo, kichwani ana neno la kwao, mdomoni anaambiwa atamke neno la tatu asilolijua. Hapo hujifunzi kusoma, unajifunza lugha na kusoma kwa mpigo, na vyote vinakwama.

Angalia makosa ya imla Kanda ya Ziwa: "kurara", "karamu" kwa kalamu, "chakura". Mwalimu anaweka alama ya mkasi. Mtoto hajakosea herufi, ameandika anavyosikia, maana kwao r na l hazitenganishi maneno.

#8 Pwani Raha
Na kule bara "thelathini" inakuwa "selasini", "dhahabu" inakuwa "zahabu". Tunawasamehe 😂

#9 Kipimajoto
Hoja ya lugha nzuri, ila haitoshi. Mtoto wa Mbagala na Manzese Kiswahili ni lugha yake ya kwanza, anakitukania, na bado unakuta hasomi. Kama lugha ndiyo chanzo, Dar es Salaam ingetakiwa isiwe na tatizo hili kabisa.

#10 Ng'wana Ziwa
Mbagala ana tatizo la ChakiMbili, msongamano na zamu mbili. Kijijini ana tatizo langu. Homa moja haimaanishi malaria moja.

#11 Pwani Raha
Tukiacha utani, kuna jambo hamjalitaja. Huyu huyu asiyesoma darasani, chuoni kwa ustadhi anasoma juzuu, tena kwa lugha asiyoielewa. Chumba kidogo, wamebanana kuliko shuleni, mwalimu mmoja. Siri iko kwenye utaratibu. Hakuna darasa linalokwenda pamoja. Kila mtoto ana mahali pake alipofikia, anaenda mbele peke yake, anasoma mistari miwili, akikosea anarudishwa palepale, hapewi somo jipya. Na wakubwa wanawasikiliza wadogo. Mwalimu anasikiliza labda theluthi, wengine wanasikilizwa na wenzao.

Shuleni ratiba inasema Jumatatu ni herufi "k", Jumanne ni "t". Umekosa Jumatatu, basi "k" imekupita.

#12 ChakiMbili
Pwani umenikuna. Shuleni pia inawezekana. Gawa watoto 120 makundi matatu. Kundi la kwanza lipo ubaoni na mwalimu, kama 40. La pili nje kwenye mchanga linaandika kwa kidole au kijiti herufi za jana. La tatu lina kadi, kila kadi silabi moja, linaunda maneno chini ya kiranja. Kila dakika kumi mnazunguka. Kadi unakata kwenye boksi la sabuni, unaandika kwa maki peni, seti moja kadi 60 hivi. Gharama ni karibu sifuri.

Yanayoharibika: kundi la nje linatawanyika kukiwa na mvua au jua kali. Kadi zinaliwa na mchwa zikiachwa darasani, maana kabati halina kufuli. Na mgeni kutoka wilayani akiona watoto nje, anaandika kwenye ripoti "wanafunzi walikutwa wakizurura".

#13 Kalamu Nyekundu
Habari zenu. Niongeze upande wa ukaguzi, siku hizi uthibiti ubora.

Msongamano sawa, lakini hata kwenye darasa la watoto 35 tatizo linaonekana, kwa hiyo mbinu ina sehemu yake. Mtaala wa KKK wa 2015 ulielekeza mtoto afundishwe SAUTI ya herufi, siyo jina lake, na muda mwingi wa darasa la kwanza na la pili, asilimia 80, uwe wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Darasani wengi bado wanafuata mstari wa zamani: ba be bi bo bu, da de di do du, kwa mpangilio uleule kila siku. Mtoto anashika wimbo. Mwonyeshe "bu" peke yake: utamwona midomo inacheza kimya, ba, be, bi, bo... halafu "bu!" Amepanda ngazi kutoka chini kufika juu. Kwenye sentensi hakuna muda wa kupanda ngazi kwa kila silabi.

Mahali pa pili pa kuvunjikia ni silabi changamano: mbwa, nywa, ng'o, chwe, ndwa. Zinakuja mwishoni mwa mfululizo, na mfululizo haumalizwi, kwa sababu ya vikao, mashindano ya michezo, ugeni, semina na mwalimu kufuata mshahara mjini siku mbili. Mtoto anaingia la pili akiwa na silabi nyepesi tu. Anakutana na "alinyang'anywa". Anaruka. Akiruka maneno matatu kwenye aya, hadithi imeisha maana.

#14 Mama Uji
Nimesoma hadi hapa hakuna aliyetaja tumbo. Mtoto ameamka saa kumi na moja, ametembea kilomita nne, kipindi cha tatu anaona ubao mbili. Mbinu gani itaingia?

Kwa wanaopenda hesabu: uji wa gramu 50 za unga kwa mtoto, siku 194, ni kilo 9.7 kwa mwaka. Ni kama nusu debe ya mahindi. Mzazi wa kijijini anayelima hashindwi. Mlo wa mchana ni gramu 150 za mahindi, unafika kilo 29, kama debe moja na nusu hivi, na maharage gramu 40 kwa siku, karibu kilo 8.

Kinachoshinda si mahindi. Shule ya watoto 800 kwa uji inataka kilo 40 za unga kila siku, na maji zaidi ya lita 300 yawe yamefika kabla ya saa mbili. Kama bomba halipo, watayabeba watoto, na kipindi cha kwanza kimekufa. Kuni mbichi zinachelewesha sufuria hadi saa sita. Mpishi halipwi, anaondoka na kilo zake mbili mbili. Na mahindi yanachangwa baada ya mavuno, Juni na Julai, wakati njaa kali ni Januari hadi Machi, ambapo ndipo darasa la kwanza linaanza herufi! Ghala likiwa tupu miezi hiyo mitatu, mmeshampoteza.

#15 Kengele ya Pili
Mama Uji, si michango imekatazwa?

#16 Mama Uji
Iliyokatazwa ni ya lazima, na mtoto kurudishwa nyumbani. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kushika michango, na shule nyingi uji ulizimika mwezi uleule. Utaratibu unaofanya kazi: mkutano wa wazazi, muhtasari wenye sahihi, kibali cha mkurugenzi, kamati ya chakula ya wazazi wenyewe ndiyo inayopokea na kupima, mwalimu anaandika idadi ya waliokula tu. Shida ni pale wazazi 300 wanachanga na 500 hawachangi. Utamnyima mtoto uji kwa kosa la baba yake? Ukimpa, mwakani wale 300 nao hawachangi.

#17 Kengele ya Pili
Haya, nije na jipya. Mtihani wa darasa la saba wa kuchagua ndio ulioua kusoma. Mtoto anasiliba vile vidude vya OMR, karatasi inayosahihishwa na mashine, anapiga ramli, anafaulu. Mnakumbuka wizara ilikiri wapo zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kidato cha kwanza na hawajui kusoma?

#18 Kipimajoto
Tarehe zako hazikutani. Tangazo lile lilikuja 2012 na liliwahusu waliofanya mtihani 2011. OMR ilianza kutumika mtihani wa Septemba 2012. Hauwezi kuilaumu karatasi ambayo hawakuijaza.

Na ramli haifaulishi. Karatasi ina maswali 45: ya kuchagua 40 kwa alama moja moja, mengine matano ya kujibu kwa alama mbili mbili. Jumla 50. Machaguo ni matano, kwa hiyo anayekisia tupu anapata wastani wa 8 kwenye 40. Masomo sita, alama 48 kati ya 300. Daraja C linaanzia 121. Huyo ni E safi.

#19 Mzee wa Ikama
Hesabu yako inadhani mtoto yuko peke yake chumbani, mkuu. 😀

#20 Kipimajoto
Hapo sasa unazungumzia wizi, na wizi ni mada nyingine.

#21 Kengele ya Pili
Mbona mimi tu ndiye ninayesahihishwa kwenye uzi huu?

#22 Pwani Raha
Kwa sababu wewe tu ndiye unayekosea kwa kujiamini.

#23 Ndugu wa Namanga
Hamjambo majirani. Naingia kutoka Kenya kidogo tu.

Capitation yetu ya primary, yaani ruzuku, ni Ksh 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, hata ukibadilisha kwa pesa yenu ni mara kadhaa ya hiyo 6,000. Na bado walimu wakuu wanalia, kwa sababu inakuja vipande na inachelewa. Kwa hivyo sidhani pesa peke yake ndiyo jibu.

Kitu kilichosaidia kusoma hapa ni Tusome, iliyosambazwa nchi nzima 2015. Mambo matatu: kitabu kimoja mtoto mmoja, mwongozo wa mwalimu unaosema leo unafundisha nini hatua kwa hatua, na afisa wa eneo anayekuja darasani na tableti, anakaa nyuma, anasikiliza watoto watatu wakisoma, halafu anamshauri mwalimu papo hapo. Yule afisa alikuwa akikaa ofisini kupanga mitihani. Akaanza kulipwa nauli kulingana na madarasa aliyotembelea.

#24 Kalamu Nyekundu
Nauli. Umetaja neno lenyewe. Kwetu afisa elimu kata anapata posho ya madaraka Sh 250,000 kwa mwezi, wengine wana pikipiki, ila mafuta anajitafutia. Akifika shuleni anaanza na nyaraka: maazimio ya kazi, maandalio ya somo, shajara, mahudhurio. Saa mbili zimeisha, hajasikia mtoto mmoja akisoma. Mwalimu naye ameshajua mtihani wake ni upi. Anaandika maandalio mazuri.

#25 ChakiMbili
Siku ya ukaguzi andalio la somo lina rangi tatu. 😅

#26 Ng'wana Ziwa
Swali kwa Mzee wa Ikama au Kalamu: mtoto huyu anavukaje? Kuna upimaji wa KKK mwisho wa la pili, kuna upimaji wa taifa la nne. Vichujio viwili. Anafikaje la tano?

#27 Mzee wa Ikama
Kwenye utaratibu, asiyefikia kiwango la nne anarudia. Kiutendaji, kukariri darasa kuna bei. Kila anayebaki anaongeza msongamano wa la nne mwakani. Mzazi anakuja juu, anasema mtoto wake anaonewa, au anamhamishia shule ya jirani. Na mtoto wa miaka 12 akiwekwa na wa miaka tisa anaanza utoro. Kwa hiyo mwalimu mkuu anapunguza wa kukariri kadiri anavyoweza, na njia rahisi ya kuwapunguza inaanza kabla ya upimaji: karatasi za miaka iliyopita kila asubuhi, wiki nane. Mtoto anashika umbo la swali na umbo la jibu. Kuvuka amevuka, kusoma hasomi.

Na akirudia, anarudia NINI? Darasa la nne lilelile, masomo yaleyale, wakati tatizo lake ni silabi za darasa la kwanza. Hakuna kipindi cha silabi kwenye ratiba ya la nne.

#28 Daftari Kubwa
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kurudia darasa hakutibu kwa sababu dawa iko duka lingine.

#29 Kipimajoto
Usishangilie bado, mleta mada. Wewe ulisema miezi sita ya kwanza. Mzee anaonyesha mfumo unaozuia kurekebisha hata pale kosa linapojulikana. Hayo ni mambo mawili.

#30 Msomaji Kimya
Mnaogopa kusema: walimu wanapiga sana. Mtoto aliyepigwa kwa kukosea silabi hafungui mdomo tena.

#31 Kengele ya Pili
Sheria inaruhusu viboko sita.

#32 Kalamu Nyekundu
Si sita. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne. Anayechapa ni mwalimu mkuu au aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama hayupo, na iandikwe kwenye kitabu maalumu: jina, kosa, idadi, aliyechapa. Tena ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kushindwa kusoma "mbwa" si utovu wa nidhamu. Msomaji Kimya yuko sahihi: mtoto akichapwa kwenye kusoma, kimya anakifanya ngome.

#33 Pwani Raha
Kengele, ya tatu hiyo.

#34 Ng'wana Ziwa
Tusisahau linalokuja. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Waliokuwa la tatu mwaka ule watamaliza la sita 2027, pamoja na la saba wa mwisho wa mfumo wa zamani. Makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Kidato cha kwanza ni Kiingereza. Asiyesoma Kiswahili akiwa na miaka saba ya kujificha, sasa amepewa sita. Na Kiingereza kimeshushwa hadi darasa la kwanza. "A" ya Kiswahili ni a, "A" ya Kiingereza ni ei. "I" ni i, kule ni ai. Mtoto wa miaka sita, herufi moja, sauti mbili, wiki ileile.

#35 ChakiMbili
Hapa nakupinga kidogo. Shule za michepuo ya Kiingereza watoto wanasoma lugha zote mbili na hawachanganyikiwi.

#36 Ng'wana Ziwa
Wako 30 darasani na nyumbani kuna vitabu. Rudi post yako ya #4 ujijibu mwenyewe.

#37 Mzazi Mjumbe
Wakuu asanteni, ila sisi wazazi tunaondoka na nini? Kadi ya maendeleo inasema "Kiswahili B, ajitahidi". Nitajuaje kama wangu anasoma au anaimba?

#38 Kalamu Nyekundu
Unahitaji karatasi, kalamu na simu yenye saa ya kuhesabu. Dakika kumi tu.

Kwanza andika herufi 20 zilizochanganywa, usifuate alfabeti. Muulize sauti, siyo jina. Pili, andika maneno ambayo HAYAPO: keda, sifo, mupa, tapeku, lotifa, danuki, ngwepo. Hili ndilo jaribio lenyewe, maana neno lisilokuwepo hakuna aliyewahi kulikariri. Tatu, tafuta aya ya maneno kama 60 kwenye kitabu cha la pili ambacho si chake, ziba picha kwa mkono, weka dakika moja, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Acha aliporuka, usimsaidie. Kisha maswali matano kuhusu alichosoma.

Kusoma matokeo: akisoma aya vizuri lakini maneno bandia yakamshinda, aya ile anaikumbuka kichwani. Akijua herufi na kushindwa "sifo", hajui kuunganisha, rudi silabi nyepesi. Akiweza "sifo" akakwama "ngwepo", tatizo ni silabi changamano tu, wiki chache zinatosha kwa dakika 15 kila jioni. Akisoma yote lakini maneno 15 kwa dakika, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo. Huyo anahitaji kusoma sana, si kufundishwa upya. Kigezo kilichowekwa kwa mwisho wa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika.

#39 Kipimajoto
Hicho kigezo cha 50 nina ugomvi nacho. "Hawakunisaidia" ni neno moja, lina silabi nane na sentensi nzima ndani yake. "Baba" nalo ni neno moja. Aya mbili za maneno 50 zinaweza kupishana karibu mara mbili kwa urefu. Afadhali tungehesabu silabi.

#40 Kalamu Nyekundu
Kweli. Ndiyo maana nikasema aya ya kitabu cha la pili, maneno yake ni mafupi. Ukichukua gazeti utamwonea.

#41 Mama Uji
Na mpime ameshakula.

#42 Mzazi Mjumbe
Nimeelewa. Swali la mwisho: akionekana hajui kuunganisha, niende kwa mwalimu wa darasa au kwa mwalimu mkuu?

#43 ChakiMbili
Mwalimu wa darasa kwanza, na karatasi yako ya matokeo mkononi. Nenda saa za mchana baada ya vipindi, usiende asubuhi. Usiseme "hujamfundisha". Sema "amekwama kwenye kuunganisha silabi, nianzie wapi nyumbani?" Atakupa orodha. Ukianzia kwa mwalimu mkuu, kesho mtoto wako ndiye atakayeitwa ubaoni kila kipindi.

#44 Mzee wa Ikama
Sikubaliani. Kamati ya shule ipo kwa kazi hiyo. Mzazi mmoja mmoja anaonekana mkorofi, wazazi kumi wenye karatasi kumi ni ajenda. Fanyeni jaribio la Kalamu kwa watoto kumi wa mtaa mmoja, pelekeni kwenye kikao, mwulizeni mwalimu mkuu swali moja tu: nani anafundisha darasa la kwanza, na amekaa hapo muda gani?

#45 Kengele ya Pili
Nimewapa wanangu yale maneno bandia. "Ngwepo" wameniuliza maana yake, nikawaambia ni samaki. Post ya #38 isahihishwe.